Kiti Kinachotazama Nyuma

Kabla hapajapambazuka, mlango wa nyuma wa gari ulilia nyiii, kidogo tu, kama paka aliyekanyagwa mkia akaona haya kupiga kelele. Kikapita kimya kifupi. Kisha mlango ukafungwa polepole, kwa ustaarabu wa mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

Mama Kijino alikuwa macho. Alilala chali gizani, akafuatisha moyoni: sasa anavua kofia, sasa anaiweka gotini, sasa anakunjua gazeti. Chakarachakara ya karatasi ilipofika dirishani, akajua baba mkwe wake ameshakaa.

"Ameingia," akasema.

"Mm," akajibu mumewe, na kuvuta shuka.

"Leo ni Jumamosi."

"Najua leo ni Jumamosi."

"Ulisema Jumamosi utamwambia."

Mumewe alianza kukoroma haraka mno, na kwa mpangilio ambao haujapata kusikika kwa mtu aliyelala kweli.

Baba mkwe alikuwa amefariki miezi kumi na mmoja nyuma, siku ya Jumatano, kwa shinikizo la damu. Alizikwa vizuri na watu wengi. Wiki iliyofuata akarudi, ila si nyumbani. Hakuna aliyemkuta sebuleni wala kibarazani. Alirudi garini tu, kiti cha nyuma ya abiria, na tangu hapo alikuwa akiingia alfajiri na kushuka giza linapoanza kutanda, akaenda zake anakokujua mwenyewe. Majirani walimsalimia wakipita. Fundi wa tairi alishawahi kuthibitisha kwamba mzee hana uzito, maana tairi za nyuma hazikubonyea. Lakini kiwiko chake kilikuwa kiwiko, na yeyote aliyejaribu kukaa pale alikuta mapaja ya mtu.

Enzi za uhai wake alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na moja aliamua mipaka ya viwanja vya watu, na sifa yake ilikuwa moja: akishachomeka kigingi, hakichomoki.

Gari lenyewe lilikuwa dogo. Lilikuwa na milango minne kwa hisani ya aliyelitengeneza, ila ukifungua wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, wanaoshuka walilazimika kupeana zamu. Humo walisafiri wote. Mumewe kwenye usukani. Mama mkwe mbele, mkoba mapajani. Nyuma mzee na gazeti lake, na katikati, juu ya nundu ya sakafu, maana nyuma ya dereva palibana magoti, Mama Kijino akiwa amempakata Kijino, binti wa miaka miwili na nusu aliyeitwa hivyo kwa sababu jino lake la kwanza lilitangulia wenzake kwa miezi minne.

Wiki sita zilizopita baiskeli ilikatiza mbele yao na mumewe akakanyaga breki. Kijino alichomoka mikononi mwa mama yake kama sabuni iliyolowa, akapita katikati ya viti viwili vya mbele na kugonga paji la uso kwenye mpini wa gia. Katika nukta hiyo hiyo mzee naye aliunyoosha mkono wake haraka, kwa wepesi ambao hakuwa nao hata alipokuwa hai, akalidaka gazeti lake.

Kesho yake Mama Kijino alinunua kiti cha mtoto, kile kinachofungwa mtoto akitazama nyuma. Kijitabu chake kilieleza kwa picha. Mtoto mdogo kichwa ni kizito na shingo ni laini. Gari likisimama ghafla akiwa ametazama mbele, mwili unabaki, kichwa kinakwenda. Akitazama nyuma, kiti kizima kinampokea mgongoni kama kiganja. Mama Kijino alisoma ukurasa huo mara tatu, kisha akakaa kitandani akalia kidogo, kwa sababu alama kwenye paji la uso la mwanawe ilikuwa bado ya zambarau.

Tangu siku hiyo kiti kilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, kimevaa nailoni yake.

Sasa siku zilikuwa zimekwisha. Jumatatu Mama Kijino alikuwa aanze kazi kwenye karakana ya kushona sare, upande wa pili wa mji, kazi aliyoipata baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni na cheti chenye muhuri. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa njiani kilikuwa kimoja tu, nacho hakikupokea mtoto aliyeletwa kwa gari bila kiti chake. Bila kiti hakuna kituo, na bila kituo hakuna karakana. Hesabu yenyewe haikuhitaji cheti.

Fundi wa viti alifika saa tatu asubuhi na mfuko wa vifaa. Kazi yake hasa ilikuwa kushona upya viti vya magari, na mume wa Mama Kijino alikuwa rafiki yake wa shule.

"Ngazi," akamwita mumewe, kwa jina ambalo urefu wake ulikuwa umemletea tangu darasa la nne. "Kiti kiko wapi?"

Mama Kijino akakitoa, akakivua nailoni. Akainama dirishani kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," alisema mzee bila kuinua macho. Gazeti lilikuwa lile lile la Jumatano aliyofariki. Alikuwa bado ukurasa wa tatu.

Fundi akaanza nyuma ya dereva. Akakiweka kiti kikitazama nyuma, na mgongo wa kiti ukagonga kiti cha mbele. Akamwambia mumewe asogeze chake. Mumewe akasogeza. Akaambiwa asogeze tena. Akasogeza hadi mwisho wa reli, akaingia, na magoti yake yakapanda pande zote mbili za usukani kama masikio ya sungura.

"Unaweza kukata kona?" aliuliza fundi.

"Kona ya kulia naweza."

"Na ya kushoto?"

Mumewe akajaribu. Honi ikalia.

Wakahamia katikati. Pale mkanda ulikuwa wa kiunoni tu, nacho kiti kilitaka mkanda unaopita kiunoni na begani. Tena ile nundu ilikisukuma kiti kutoka chini, kikabaki kinachezacheza kama meza ya mkahawa yenye mguu mfupi. Ubavuni kiti kilikuwa na mstari mwekundu ambao lazima ulale sawa na ardhi. Mstari ulikuwa unaelekea mbinguni.

"Basi tumweke mbele," alisema mumewe.

"Mbele kuna mfuko wa hewa kwenye dashibodi," alisema Mama Kijino. "Ukifumuka unampiga kisogoni. Ukurasa wa saba."

"Mke wangu umekihifadhi hicho kijitabu kama unakwenda kukifanyia mtihani."

"Angalau mmoja wetu akisome."

Fundi akatoa utepe wa kupimia. Akapima, akaguna, akapima tena, akazunguka gari lote. Aliporudi alisimama mbali kidogo na dirisha la mzee, akateremsha sauti.

"Kinaenea sehemu moja tu. Nyuma ya abiria. Kiti cha mama kikisogea mbele shubiri moja, hapo kinakaa kama kimezaliwa hapo."

Wote watatu wakatazama nyuma ya abiria. Mzee akafungua ukurasa wa nne, akabadili mawazo, akarudi wa tatu.

"Kwa hiyo ni kumwomba tu asogee," alisema fundi.

"Mwombe," alisema mumewe.

"Mimi? Mimi nimekuja kufunga kiti."

Mama Kijino akamtazama mumewe. Yeye mwenyewe asingeweza, na wote walilijua hilo. Mke wa mtoto hamwambii baba mkwe anyanyuke, awe hai, awe marehemu. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Miaka miwili yote ya masomo ya jioni, mzee huyu ndiye aliyekuwa akimngoja nje ya lango, gari limezimwa, vioo vimepandishwa kwa mvua, akimfungulia mlango kutoka ndani kabla hajaufikia. Hakuwahi kumuuliza amesoma nini. Aliuliza tu, "Umemaliza?" na kuwasha gari.

"Nenda ukamwambie baba yako," alisema kwa upole.

Mumewe akaenda. Akainama dirishani, akaegemea paa, akazungumza. Mzee alitikisa kichwa mara mbili, akanyoosha kidole kuelekea tairi la mbele. Zikapita dakika kumi. Mumewe akarudi akijifuta mikono.

"Umemwambia?"

"Nimemgusia."

"Umemgusia nini?"

"Tairi," alisema mumewe. "Anasema la mbele limepungua upepo, na ni kweli, limepungua."

Mama Kijino akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa kupitia puani. Fundi akajifanya anapanga bisibisi zake kwa ukubwa.

Mama mkwe alitoka na kikombe cha chai, akamwekea mzee juu ya paa la gari, upande wake, kama kila siku. Chai ingekaa pale hadi ipoe, kisha angeinywa yeye mwenyewe. Alipoelezwa tatizo, alikitazama kiti kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mtoto ataipa safari mgongo?"

"Ndiyo mama. Ndiyo salama yake."

"Kama mtu anayefukuzwa."

"Shingo yake mama, bado..."

"Mimi nimelea watano mapajani."

"Na mmoja akavunjika mkono," alisema mumewe. "Huu hapa."

"Ulikuwa mtukutu," alisema mama yake. Akapangusa vumbi kwenye kioo cha mzee kwa pindo la kanga yake. "Mama Kijino, mwanangu, nisikilize. Huyu kalinunua gari hili kabla mume wako hajaota ndevu. Kakaa mbele akituendesha miaka kumi na tisa. Leo amepata kukaa nyuma akapumzika, tumwambie ondoka? Mwenye gari hahamishwi."

"Basi akae mbele mama. Wewe uje nyuma na mimi."

Hilo lilionekana jambo la heshima. Mumewe akatumwa tena, na safari hii Mama Kijino alimsindikiza hadi kwenye boneti ili asipotee njiani. Alimsikia akiuliza. Alimsikia mzee akijibu, kwa sauti ile ile kavu ya kusoma vipimo:

"Mbele nimestaafu."

Ndivyo Jumamosi ilivyokwisha. Fundi aliondoka akasema ikipatikana nafasi aitwe, hata kama ni usiku, kazi yenyewe ni ya dakika tano.

Jumapili Mama Kijino hakungoja kupambazuke. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya ule mlio wa mlango, akajifunga kanga kiunoni, akabeba kiti hadi uwanjani. Gari lilikuwa tupu. Lilikuwa na harufu ya kiwi ya viatu na karatasi ya zamani. Akasukuma kiti cha mama mkwe mbele, shubiri moja na kidole. Akakiweka cha mtoto kikitazama nyuma, akapitisha mkanda kwenye matundu ya buluu kama ilivyochorwa ukurasa wa tisa, wa kiunoni kwanza, wa begani ukizunguka nyuma ya ganda. Vidole vyake vilijua mikanda. Alihakikisha haujajisokota, kwa kuupapasa gizani kutoka ncha hadi ncha, kama apapasavyo pindo. Kisha akapanda na goti moja juu ya kiti, akakandamiza kwa uzito wake wote, akavuta ncha ya mkanda hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Kitabu kilisema kiti kisicheze zaidi ya upana wa kidole. Akakishika, akakitikisa. Hakikucheza hata ukucha. Akawasha tochi ya simu. Mstari mwekundu ulikuwa umelala sawasawa.

Mama Kijino akakaa pale katikati, jasho linamtiririka, akatabasamu peke yake gizani. Alijiona mtu aliyefaulu.

Mlango ukalia nyiii.

"Shikamoo baba," alisema, maana hakuna neno jingine lililokuja.

"Marahaba. Umeamka mapema."

Mzee akavua kofia. Akaingia na kukaa mahali pake. Kiti cha mtoto hakikunyanyuka. Mzee ndiye aliyepita chini yake, kama maji yapitavyo chini ya mlango, mpaka mgongo wake ukafika kwenye mgongo wa kiti cha gari, na kile cha mtoto kikawa juu ya mapaja yake. Mkanda sasa ulipita chini ya paja lake la kulia. Akakunjua gazeti juu ya yote hayo.

Mama Kijino akashika kiti. Kilicheza shubiri nzima. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda.

Akavuta mkanda. Akavuta tena. Akapanda na goti kama mwanzo, akakandamiza.

"Mwanangu," alisema mzee, "unaniumiza."

"Samahani baba," alisema Mama Kijino, na akashuka.

Alisimama uwanjani mpaka kukapambazuka. Alikuwa ameomba samahani. Jambo hilo lilimkera kuliko yote, akalitafuna asubuhi nzima pamoja na mkate.

Wengine walipoamka walifurahi. Mama mkwe alizunguka gari, akachungulia kioo hiki na kile, machozi yakamlengalenga.

"Kampakata mjukuu wake," alisema. "Mnaona? Kampakata mwenyewe."

"Si nilikwambia," alisema mumewe. "Mambo mengine ukiyaacha yanajipanga."

"Ulimwambia nani? Kitikise hicho kiti."

Mumewe akakitikisa. Kikayumba kama kichwa cha mtu anayesinzia.

"Kimelegea kidogo," alikubali. "Viti vya siku hizi."

Wakampigia fundi simu. Akaja, akatazama, akalala chali chini ya dashibodi bila sababu yoyote, akasimama. Akasema mkanda wenyewe umechoka. Kisha akasema labda ni sponji ya kiti. Kisha akasema kitambaa kinateleza. Alitaja kila kitu kilichokuwamo ndani ya gari isipokuwa kimoja. Alipoondoka alimpungia mzee mkono.

Jumatatu walitoka saa kumi na mbili na nusu. Kijino alifungwa kwenye kiti chake, uso kwa uso na babu yake, gazeti likiwa katikati yao kama pazia. Mama mkwe alikaa mbele, magoti yamegusa dashibodi, akilalamika. Mama Kijino alikaa kwenye nundu, mkono wa kushoto ameupitisha nyuma ya ganda la kiti, vidole vimeshika ukingo, ili kisiyumbe. Huo ndio ulikuwa mkanda.

Getini mwa kituo alisimama mlezi mkuu na fomu zake ubaoni. Akainama, akachungulia.

"Kiti kipo?"

"Kipo," alisema Mama Kijino. "Ila..."

"Kinatazama nyuma?"

"Kinatazama. Ila ukikishika utaona kwamba..."

"Na huyu?"

"Baba mkwe wangu. Marehemu."

"Pole sana," alisema mlezi mkuu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Mlezi mkuu akasoma fomu yake juu hadi chini. Kulikuwa na kisanduku cha kiti kuwapo, na kisanduku cha kutazama nyuma. Hapakuwa na kingine. Akaweka alama mbili nzuri, akapiga muhuri, akambeba Kijino ndani.

Saa mbili kamili Mama Kijino alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake mpya kwenye karakana, safu ya tatu, karibu na dirisha, akishona mikono ya mashati ya wanafunzi. Alifanya kazi nzuri. Msimamizi alimwita chapakazi siku hiyo ya kwanza. Ila kila alipoinua mkono wa kushoto, bega liliuma.

Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano. Kila jioni alimkumbusha mumewe, na mumewe akasema kesho, na kesho akamgusia mzee habari ya betri. Alhamisi alimgusia habari ya mvua. Watu barabarani walianza kulizoea gari lao. Wengine walitabasamu wakisema hiyo ndiyo familia, wamepangana vizuri, hata mzee hawajamwacha.

Ijumaa asubuhi, kwenye mteremko, lori mbele yao lilisimama bila taa. Mumewe akakanyaga breki. Kiti cha mtoto kikaruka mbele shubiri nzima, kikagonga mgongo wa kiti cha mama mkwe, na mkono wa Mama Kijino ukabanwa katikati mpaka akaona nyota. Hakuuachia ule ukingo. Kijino akarushwa, akarudi, hakugonga kitu. Mzee akafungua ukurasa.

Gari likazima. Kwa muda walisikia injini ikitoa mlio wa kupoa.

"Barabara hizi," alisema mama mkwe.

"Malori haya," alisema mumewe. Akawasha, akatazama kwenye kioo cha ndani. "Mko salama huko?"

Mama Kijino alikuwa akikunja na kukunjua vidole, kimoja kimoja, akitafuta kama vyote bado vinashona. "Kimeyumba tena," alisema.

"Wikiendi hii tutakiangalia. Nadhani ni ile sponji."

"Dereva anakanyaga breki kama anaua nge," alisema mzee nyuma ya gazeti. "Ungekuwa unaacha nafasi."

"Ndiyo baba," alisema mumewe.

"Tangu nakufundisha nakwambia. Acha nafasi."

"Ndiyo baba."

Mama mkwe akacheka kidogo, cheko la mtu aliyesikia kitu anachokipenda, akaurekebisha mkoba mapajani. Lori likaondoka. Nyuma yao watu walipiga honi. Mama Kijino akaupitisha tena mkono nyuma ya ganda, akashika ukingo kwa vidole vilivyokuwa vimeanza kuvimba.

Kijino akaunyoosha mkono wake mdogo, akalishusha gazeti kwa kidole kimoja, akamtazama mzee machoni kwa muda, halafu akageuza kichwa kumtafuta mama yake.

"Babu amekalia mkanda wangu," akasema.